Kiswahili cha Mwalimu Kwenye Kanda

Nilipoingia kidato cha kwanza, shule yetu haikuwa imewahi kupokea mwanafunzi asiyeona. Ilikuwa shule ya kutwa, imejengwa na wazazi wa kata za jirani kwa nguvu zao, ina madirisha ya mbao na haina umeme. Mimi nilipoteza macho kwa surua nikiwa darasa la pili. Baadaye nilipelekwa shule ya msingi yenye kitengo cha wasioona, nikajifunza kusoma nukta nundu kwa vidole, nikafaulu. Aliyepanga majina ya waliofaulu alinipeleka shule ya karibu na nyumbani kwetu Pasiansi kama mtoto mwingine yeyote, na nadhani hakujua kwamba sioni. Siku ya kuripoti mkuu wa shule alimwambia mama kuwa pametokea kosa. Mama akamjibu kwamba kosa hilo sisi tumelipenda.

Basi nikakaa. Lakini kukaa darasani na kusoma ni mambo mawili tofauti. Walimu waliandika ubaoni kimya kimya, wakageuka, wakauliza kama tumemaliza kunakili. Kitabu cha nukta nundu hakikuwepo hata kimoja. Nilikuwa na kibao changu na msumari wa kutobolea nukta, lakini karatasi ngumu za kutobolea hazikupatikana mjini, na za kawaida zilichanika. Kelele za msumari nazo ziliwaudhi walimu. Aliyeniokoa ni jirani yangu wa dawati, binti aliyetoka mtaa wa Kiseke, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alininong'oneza kila kilichoandikwa ubaoni. Akininong'oneza, yeye hanakili. Akinakili, mimi sipati kitu. Muhula wa kwanza tulishika mkia pamoja, na baba yake akaja shuleni kuomba ahamishwe dawati. Binti akakataa. Alimwambia baba yake, mbele ya darasa, kwamba akihamishwa ataacha shule.

Mjomba wangu alikuwa mpakiaji mizigo bandarini. Zilikuwa zile siku za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, maduka ya mjini yamejaa vitu ambavyo tulipokuwa wadogo hatukuwahi kuvisikia, na vijana walitandaza bidhaa kila kona mpaka kwenye ngazi za watu. Siku moja mjomba akaja nyumbani na redio kaseti iliyokwishatumika, ya kaseti moja, ina mpini wa kubebea na mlango wa kaseti uliofungwa kwa raba. Akanishika vidole akaniwekea kwenye vitufe, kimoja baada ya kingine. Hiki cha kupiga, hiki cha kurudisha nyuma, hiki chekundu. Ukibonyeza chekundu pamoja na cha kupiga, akasema, inasikiliza badala ya kuongea. Mama alikuwa jikoni anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayouzwa na viwanda baada ya minofu kusafirishwa. Nilibonyeza, nikarekodi mafuta yanavyochemka na mama anavyolalamika moshi, kisha nikawasikilizisha. Mama aliacha kugeuza mapanki. Halafu akauliza kama inaweza kumrekodi mwalimu.

Jumatatu niliingia nayo darasani.

Walimu wengi hawakujali. Wa jiografia alifurahi hata akawa anakohoa kwanza kusafisha koo. Betri ndizo zilikuwa mateso. Tulizianika juani kwenye bati ili zipate nguvu ya siku moja zaidi, na kaseti tulizirudisha nyuma kwa kuzungusha kalamu ya biro kwenye tundu lake, ili betri zisitumike kwa kazi hiyo. Mjomba aliniletea kaseti za zamani za muziki wa dansi. Mwalimu akimaliza kueleza mmomonyoko wa udongo, gitaa lilikuwa linadakia palepale.

Jambo ambalo sikulitegemea lilianza baada ya wiki chache. Wenzangu walianza kubaki baada ya vipindi na kuketi barazani kusikiliza nami. Mwanzoni nilidhani wananionea huruma, nikawakaribisha kwa ubaridi. Haikuwa huruma. Sheria ya shule ilikuwa Kiingereza kitupu kuanzia getini. Aliyekamatwa akiongea Kiswahili alivishwa kipande cha ubao shingoni akakivaa mpaka amkamate mwingine. Maelezo yaliyoandikwa ubaoni yalikuwa ya Kiingereza, na madaftari ya wenzangu yalijaa maneno waliyoyanakili bila kuyaelewa. Lakini kila mwalimu, akishaandika, alikuwa anafunga mlango, anashusha sauti, na kueleza kwa Kiswahili maana ya alichoandika. Maelezo hayo hakuna aliyeyaandika. Yalikuwa yanapita tu kama upepo wa ziwani, na kufikia wakati wa mtihani yamekwisha kusahaulika. Sasa yalikuwa kwenye redio yangu.

Aliyekuwa hodari kuliko wote kwa hilo ni mwalimu wa historia. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa kando ya ziwa kule Mara, mwenye sauti nzito na lafudhi ya kwao. Kiingereza chake kilikuwa kikavu, cha kusomwa kutoka karatasi zilizochakaa. Nilisikia zilivyokuwa zinakatika mikononi mwake. Lakini akihamia Kiswahili, wachukuzi wa misafara walikuwa wanapita katikati ya darasa na mizigo yao, tunawasikia wakihema. Kanda zake ndizo zilizoombwa zaidi barazani. Binti wa Kiseke alipougua malaria na kukosa masomo siku nyingi, nilimpelekea redio kila jioni, akalala nayo kichwani pake, akarudi anajua kuliko sisi tuliokuwepo.

Mwalimu huyo aligundua siku kaseti ilipofika mwisho katikati ya sentensi yake. Kitufe kiliruka kwa kishindo. Akaacha kueleza, akaja mpaka dawatini kwangu.

"Hicho kitu kinafanya nini?"

Nilimwambia kinarekodi somo.

"Tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita, mwalimu."

Akaniambia nikizime na nisikilete tena katika kipindi chake. Nilisimama. Nilikuwa nimeshachoka kushika mkia. Nikamwambia kwamba wenzangu wote wana madaftari na daftari langu ni hilo, na kama anataka nilifunge basi awaambie wote wafunge ya kwao.

"Nimesema zima."

"Sizimi, mwalimu."

Akanitoa nje. Nilichukua redio, nikageuza kaseti upande wa pili, nikaenda barazani nikaketi chini ya dirisha la darasa letu na kuiweka redio juu ya kizingiti. Nikabonyeza vitufe viwili. Alisikia mlio. Akaja akalifunga lile dirisha. Nikasogea kwenye linalofuata, naye akalifunga. Tukaenda hivyo mpaka madirisha yote ya upande wa baraza yakaisha. Upande wa pili wa darasa kulikuwa na jiwe kubwa la mlima lililokaribia kugusa ukuta, na madirisha ya huko hayakuingiza mwanga wa maana. Nilimsikia anaanza kuandika ubaoni. Kisha sauti ya msichana mmoja, kwa adabu, ikamwambia kwamba hawaoni ubao. Mwingine akasema hata yeye haoni. Nilicheka peke yangu pale barazani, na sijawahi kujutia kicheko kile. Baada ya muda kidogo mbao zikafunguliwa, moja baada ya nyingine, na kipindi kikaendelea kwa Kiingereza kitupu mpaka kengele.

Kesho yake niliitwa ofisini pamoja na mzazi wangu. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kwenye biashara yake ya samaki, hakuwa na nafasi ya kurudi nyumbani kuoga, na alipoingia nilimtambua kwa harufu kabla hajasema shikamoo. Mkuu wa shule alikuwa mtu mpole anayechukia ugomvi. Alianza kwa kunisifu. Kisha akasema kwamba huenda ingekuwa vyema kwangu mwenyewe kurudi katika shule za watu wa namna yangu, kwa kuwa ziko, hata kama ni mbali, na huko kuna wataalamu. Akasema pia kwamba mpaka jambo hilo litakapoamuliwa, redio ingebaki kabatini kwake.

Nilikuwa nimeipakata. Nikaikumbatia zaidi.

Mama hakupandisha sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekulia kwenye Kisukuma, na herufi zilikuwa zinabadilishana nafasi anavyotaka.

"Mwarimu," alisema, "mtoto ukimchukuria ledio, umemtoa shure. Kama unamtoa, niandikie kwenye kalatasi kosa rake, upige muhuli. Nitaisomesha kwa watu."

Mkuu wa shule akasema hakuna haja ya kufika huko. Akamgeukia mwalimu wa historia, ambaye naye aliitwa, akamwomba aeleze hasa tatizo lake ni nini, maana walimu wengine hawajalalamika. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za utovu wa nidhamu. Badala yake akasema, polepole, kwamba kanda ile ina Kiswahili chake. Akasema amefundisha miaka mingi, na wakaguzi wakija huwa anafundisha kwa Kiingereza na wanaondoka wameridhika. Lakini sasa kuna mashine mezani inayobeba ushahidi kwamba nusu ya kipindi anavunja agizo. Mahali alipofundisha kabla ya hapo aliwahi kuhamishwa ghafla kwa maneno aliyoyasema darasani, na ambayo mtu aliyapeleka mbele. Wakati ule hakukuwa na kanda, alisema, palikuwa na mdomo wa mtu tu, na bado ulitosha.

Nilimwelewa. Lakini kumwelewa hakukunifanya nikubali. Nikamwambia kwamba hicho Kiswahili anachokiogopa ndicho pekee ambacho darasa zima linakielewa, na kwamba wenzangu wanakaa barazani kila siku kukisikiliza, si Kiingereza chake. Mkuu wa shule akakohoa. Yeye alikuwa anatufundisha kemia, na kila mtu mle ofisini isipokuwa mama alijua anaifundisha kwa lugha gani.

Wakatafuta njia ya katikati. Mwalimu akimaliza Kiingereza atagonga meza kwa chaki, nami nitazima. Akimaliza Kiswahili atagonga tena, nami nitawasha. Mkuu wa shule alisikika akiufurahia sana mpango wake. Niliwaambia siukubali. Wakigonga sitazima, kwa hiyo wasijisumbue kugonga. Mama alinifinya paja, lakini hakunipinga.

Redio haikuchukuliwa, ila mwalimu alilipa kisasi kwa namna yake. Aliacha Kiswahili kabisa. Kipindi baada ya kipindi alisoma karatasi zake, akaandika, akatoka. Kanda zangu zikajaa sauti kavu, na barazani hakuna aliyebaki kuzisikiliza. Wengine walinilaumu. Mvulana mmoja aliniambia wazi kuwa kiburi changu kimewaponza. Nilimwambia kama anataka Kiswahili, amwombe mwenyewe mwenye Kiswahili, asiniombe mimi. Usiku nililia kidogo, lakini yeye hakuniona.

Hali hiyo ilivunjika kwenye mada ya biashara ya misafara. Mwalimu alikuwa ameandika sababu za watu wa bara kujiunga na misafara ya kwenda pwani, akauliza kama tumeelewa. Kimya. Akauliza tena. Binti wa Kiseke akasimama, akajaribu kusema kwa Kiingereza, akakwama, akaanza upya, akakwama palepale. Mwishowe akasema kwa Kiswahili kwamba yuko tayari kuvishwa ule ubao shingoni, lakini hakuelewa hata neno moja, na hakuna humu ndani aliyeelewa.

Nilisikia chaki inawekwa mezani. Mwalimu akafunga mlango. Akaanza kutueleza juu ya babu yake mzaa mama, aliyebeba pembe begani akiwa kijana, jinsi ngozi ya bega ilivyochunika na kuota sugu, jinsi walivyokuwa wakiimba ili wasisikie njaa, na kwa nini, pamoja na yote hayo, mtu aliweza kutoka kwao kwa hiari na kwenda tena mwaka uliofuata. Katikati ya maelezo akasimama.

"Kinarekodi?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Akaendelea pale alipoachia.

Mkaguzi wa shule alikuja muhula huo huo. Alikuwa mtu wa hatua nzito na manukato makali. Tulisimama tukamwamkia kwa Kiingereza, na mwalimu wetu akafundisha kwa Kiingereza chake kikavu huku mgeni akizunguka baina ya madawati na kupekua madaftari. Alipofika kwangu akasimama. Aliuliza kwa Kiswahili, labda kwa sababu aliona nina shida na hivyo si mtu wa kuongea naye kwa lugha ya kazi, kwamba hiki ni nini. Nilimwambia ni redio kaseti na ndiyo daftari langu. Akauliza ndani mna nini. Nikasema masomo ya historia.

"Vizuri sana. Hebu iwashe tusikie."

Kaseti iliyokuwemo ndani ilikuwa ile ya babu mwenye bega la sugu. Ubaoni chaki ilikuwa imenyamaza. Jirani yangu aliniegemea akaninong'oneza niseme betri zimekwisha. Ingekuwa rahisi, na angeamini. Lakini sikutaka kujificha nyuma ya betri. Nilikuwa nimekataa kuizima mbele ya mwalimu wangu, na sikuona kwa nini niiwashe kwa mtu nisiyemjua.

"Samahani, mheshimiwa. Sitaiwasha."

"Betri hazina moto?"

"Zina moto. Kanda ni zangu, nazirekodi nisome. Ofisi yenu ikiniletea vitabu vya nukta nundu, hata kimoja kimoja, nitawapa kanda zote."

Akaniuliza kama najua naongea na nani. Nilimjibu kwamba nimeambiwa ni mkaguzi wa shule, na kwamba ningeomba akague kwa nini nimefika kidato cha pili bila kitabu. Nilisubiri mkono wake uichukue redio, nikaishika mpini kwa mikono yote miwili. Haukuja. Manukato yakasogea kwenye dawati lililofuata, na baada ya muda mlango ukafunguliwa na kufungwa.

Nilipewa adhabu ya kupalilia bustani ya maua mbele ya ofisi, wiki nzima, kwa kumjibu mgeni. Niling'oa magugu na baadhi ya maua, sikuchagua. Binti wa Kiseke alikuja kung'oa nami bila kuitwa na mtu. Siku ya pili mwalimu wa historia alikuja akasimama pembeni yetu. Niliutambua mlio wa karatasi zake. Akaniambia kwamba ningeweza kuiwasha ile kanda na kumaliza ugomvi wetu mara moja.

"Ningeweza," nilimwambia.

Alinieleza kwamba mkaguzi aliandika tu kuwa shule ina mwanafunzi mwenye mahitaji, na kwamba afundishwe adabu. Halafu akatuamuru tuache kupalilia kwa kuwa jua limekuwa kali, akaenda kumwambia mkuu wa shule kuwa ametuachisha yeye. Hakuniomba radhi kwa kunitoa darasani, nami sikumwomba radhi kwa chochote. Tulielewana hivyo hivyo.

Kuanzia hapo kanda zilianza kutembea. Mjini kulikuwa na kibanda cha kijana aliyekuwa na redio ya kaseti mbili, akiwarekodia watu nyimbo wanazozitaka. Wenzangu walimpelekea kanda zangu azinakili. Alishangaa, lakini kazi ni kazi. Wanafunzi wa shule nyingine wakazipata, nao wakazinakili. Nilipokuwa kidato cha nne nilimsindikiza mama msibani Buhongwa, na tulipokuwa tunapita kwenye nyumba moja nikasikia, dirishani, sauti ya mwalimu wetu inaeleza misafara kwa Kiswahili, na mtoto wa mtu anairudisha nyuma asikie tena. Nilimwambia mama asimame. Tukasimama njiani na vyombo vyetu vya msibani mpaka maelezo yakaisha.

Mtihani wa mwisho niliufanya kwa taipureta, katika chumba cha peke yangu, msimamizi akinisomea maswali. Swali la misafara lilikuwemo, na lilihitaji jibu la Kiingereza. Nililitafakari kwa Kiswahili, nikalipiga kwa Kiingereza. Matokeo yalipotoka, jina langu na la binti wa Kiseke yalikuwa juu ya majina ya wengi waliokuwa wakitucheka. Mkuu wa shule aliniita, akaniomba niwaeleze wageni kwenye mahafali jinsi shule ilivyonisaidia. Nilimuuliza ni shule ipi anayoisema. Akabadilisha mzungumzaji.

Nilipangiwa kidato cha tano katika shule ya mbali, ya serikali, yenye umeme. Mjomba alinisindikiza na sanduku. Mwalimu aliyetupokea alianza kumweleza mjomba, kana kwamba mimi sipo, kwamba huenda pametokea kosa. Nikamwacha amalize, nikaiweka redio juu ya meza yake, nikamuuliza soketi iko wapi.